Mabomba ya Houston, Mbuzi wa DeSoto

Mwaka wa 2015, nikiwa na miaka hamsini na mitatu, mabomba yaliacha kuja.

Nilikuwa nachomelea mabomba ya visima vya mafuta katika uwanja mmoja upande wa mashariki wa Houston. Kila asubuhi malori marefu yalikuwa yamepanga foleni langoni kabla sijafika, na mimi hufika mapema. Foleni ikaanza kufupika. Sikujali. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimejaza tangi la pikapu yangu mpaka pomoni, kwa bei ya petroli ambayo sikuwa nimeiona tangu nije Amerika, nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba Mungu ametukumbuka. Nimekulia Nairobi. Kule petroli ikipanda, sukuma wiki inapanda, nauli inapanda, hata kinyozi anapandisha. Kwa hivyo petroli ikishuka mtu wa kwetu anashangilia bila kuuliza. Nami nilishangilia. Kumbe nilikuwa nashangilia kufukuzwa kwangu.

Mlinzi wa lango ndiye aliyenifungua macho. Alikuwa Mmeksiko wa rika langu, mtu wa maneno. Asubuhi hiyo hapakuwa na lori hata moja, naye ameketi anamenya chungwa.

"Leo ni sikukuu gani?" nikamwuliza.

"Ya petroli rahisi, babu. Si ulikuja hapa juzi ukinionyesha risiti, unacheka?"

"Ndiyo. Kwani?"

"Basi cheka tena."

Ijumaa ya wiki hiyo nusu yetu tuliachishwa kazi. Msimamizi alitupa mkono mmoja mmoja. Hakutudanganya, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alisema hajui kama bei ya mafuta itarudi mwaka huo au mwaka uliofuata, na kwamba yeye mwenyewe anangoja zamu yake ya kupewa mkono.

Nisipoeleza mimi ni mtu gani, hutaelewa kwa nini jambo hilo liliniuma vile. Sikusoma. Niliacha shule darasa la nne nikaenda kushika nyundo kwenye vibanda vya mafundi wa jua kali. Nilijifunza kuchomelea nikiwa nimevaa miwani ya jua ya bei ya chini, na macho yangu hutoa machozi kwenye upepo hadi leo. Nimetengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma vya shule za bweni, watoto wa wenye nacho wamelala juu ya kazi yangu. Mke wangu ndiye aliyesoma. Ni muuguzi. Yeye alitangulia Houston, mimi na watoto tukamfuata, na ndugu zake wakasema kwa sauti ya kusikika kwamba amejibebea mzigo. Nilipoingia kwenye mabomba nikaanza kuleta nyumbani mshahara unaozidi wake. Sikumwambia mtu. Niliwaacha waione pikapu.

Pikapu hiyo, na mashine ya kuchomelea iliyofungwa nyuma yake, nilizinunua mafuta yalipokuwa juu. Mashine ina injini yake yenyewe. Unaweza kuiwasha katikati ya pori ukafanya kazi. Aliye na mashine ya namna hiyo haombi kazi, anaulizwa kama ana nafasi. Vitu vingine vyote nyumbani tulivinunua wawili. Hivyo viwili vilikuwa vyangu.

Tuliishi Gulfton, kwenye fleti zilizojaa watu wa kila nchi. Mafuta yalipokuwa juu ungejua hata kama huwezi kusoma gazeti. Magari mapya yaliegeshwa ovyo, kila Jumamosi mtu anapakua televisheni, na Mkongo aliyekaa chini yetu alipewa ovataimu kiwandani mpaka mchungaji wake akaja kumtafuta nyumbani. Mafuta yaliposhuka napo ungejua. Pikapu zikaanza kupangwa kando ya barabara, zimeandikwa kwa chokaa kwenye kioo kwamba zinauzwa. Yule mama aliyekuwa akituuzia chakula karibu na uwanja akafunga dirisha lake. Wahandisi waliovaa mashati meupe wakaonekana dukani saa tano asubuhi wakisukuma kitoroli polepole, kama wagonjwa wanaofanya mazoezi.

Na wakati huohuo simu kutoka Dallas zilikuwa za furaha tupu. Ni mwendo wa saa nne kwa gari, lakini ungedhani ni nchi nyingine. Wao walikuwa wanajenga. Maghala, hospitali, mitaa mizima ya nyumba za matofali, na wauguzi wa Kenya wakinunua nyumba zenye uwanja nyuma, huko kwenye vitongoji vya DeSoto na Cedar Hill. Kitu kilekile kilichotuua sisi, petroli rahisi, kiliyaendesha malori yao. Mkongo wa chini akaamua kuhamia Fort Worth, jirani ya Dallas, na familia yake. Siku ya kuondoka alinipigia hodi.

"Mzee, twende. Kule kazi iko mingi."

"Kazi ya kubeba maboksi?"

"Boksi haiulizake bei ya mafuta, mzee."

Nikakataa. Nilimwambia mimi ni fundi, sibebi. Akacheka, akanipa mkono, akaniachia kilo moja ya dagaa na sufuria aliyosema haiingii garini.

Miezi ikapita. Nilitengeneza lango hapa, ngazi pale. Mke wangu akaongeza kazi. Siku zake za kupumzika alikwenda kumtunza bibi mmoja mzee nyumbani kwake, na mimi nikawa dereva wake. Bibi huyo alikuwa Mzungu kutoka Kanada, anakaribia miaka tisini. Mwanawe ni mhandisi wa mafuta, naye ndiye aliyemleta Houston. Kwa kuwa siwezi kukaa bure nikaanza kumtengenezea vitu: kitasa cha mlango, reli ya kujishikia bafuni. Alikuwa mkali. Chai ikipoa kidogo anairudisha. Tulielewana sana.

Siku moja akaniuliza, "Mwanamume mzima unafanya nini nyumbani kwangu Jumatano asubuhi?"

Nikamwambia habari ya bei ya mafuta. Kiingereza changu kina mapengo, lakini alinielewa.

"Kwetu ilikuwa ngano," akasema.

Akanisimulia. Baba yake alilima kwenye nyanda za Kanada baada ya ile vita ya kwanza ya dunia. Ngano ilikuwa na bei, kila mtu alinunua. Baba akanunua gari, akajenga ghala jipya, akapaka rangi nyekundu. Halafu bei ikaanguka, na bibi akiwa mtoto mdogo mvua nayo ikakatika. Vumbi liliingia mpaka kwenye sukari. Gari hawakuweza kuliuza kwa sababu hapakuwa na mnunuzi, na petroli hawakuweza kununua, basi baba akatoa injini, akafunga farasi wawili mbele.

"Tulienda kanisani kwa gari linalokula nyasi," akasema, akacheka mpaka mke wangu akaja kumshika mgongo.

"Na watu wengine wa Kanada? Hawakuwasaidia?"

"Mashariki, kwenye viwanda, nao waliumia, ila hawakuumia kama sisi. Walituletea samaki wakavu kwa treni. Mama hakujua wanapikwaje. Alimgonga mmoja kwenye meza, meza ikapata alama."

"Sasa mlikula nini?"

"Baba alipata akili. Majirani wetu wengi walihama, wakaacha nyumba tupu. Waliohamia kaskazini kwenye misitu walikuwa wakijijengea vibanda vya magogo. Magogo wanayo, madirisha hawana. Baba akaomba ruhusa, akang'oa madirisha, milango na majiko ya chuma, akawapelekea, nao wakamlipa kwa viazi na nyama. Kwetu vitu vilibaki bila watu. Kule kulikuwa na watu wasio na vitu. Baba alikuwa na farasi. Basi." Akaonja kikombe. "Mwambie mkeo chai imepoa."

Nikabeba kikombe kukipeleka jikoni. Lakini wiki hiyo nilikwenda uwanjani kwetu. Nyuma ya ofisi vipande vya mabomba vilivyobaki vilikuwa vimerundikwa mpaka kwenye ua, vinene, vipana kiasi cha kukumbatia, vinashika kutu. Nikamwuliza msimamizi vinakwenda wapi. Akasema hata mnunuzi wa vyuma chakavu hatumi tena lori, chuma hakina bei.

"Nikichukua?"

"Ukichukua utanipunguzia nyoka."

Nikachukua. Nilikuwa tayari nimejua la kufanya. Wakenya wa Dallas wamenunua nyumba zenye uwanja nyuma, na mwanamume Mkenya aliye na uwanja nyuma anataka jiko la kuchomea nyama. Yale ya dukani ni ya bati jepesi, ukiweka mbuzi mzima miguu inapinda. Mimi nilikuwa na bomba lililotengenezwa kuhimili kisima.

Mke wangu akaulizauliza kwa wauguzi wenzake, na mmoja akatuunganisha na bwana mmoja wa DeSoto, mfanyakazi wa ofisi ya hospitali, aliyekuwa anajiandaa kwa ruracio ya binti yake, yaani siku ambayo upande wa bwana harusi unakuja kuzungumza mahari. Akanipigia simu.

"Nataka jiko la maana, fundi. La kama nyumbani."

"Lenye kifuniko?"

"Kifuniko cha nini? Nyama ya kufunikwa hiyo ni mchemsho."

Tulikubaliana kabisa, kwa sababu hata mimi naamini hivyo. Kwetu kuchoma nyama si kupika tu. Wanaume wanasimama kuzunguka moto, mmoja anageuza, mmoja anatia chumvi, wengine wote wanawakosoa. Ukiweka kifuniko umewafukuza.

Nikapasua bomba moja kwa urefu nikapata majiko mawili. Moja la yule bwana, la pili la kwenda kuwaonyesha watu. Na hapa niseme wazi mambo yalivyokuwa nyumbani. Kodi ilikuwa imetushinda. Tulikuwa tumepatana na jamaa mmoja wa bandarini kwamba Jumatatu aje anunue pikapu na mashine, vyote viwili pamoja.

"Baba watoto, mimi sikulazimishi," mke wangu alisema. "Lakini mashine inalala wiki nzima, na sisi hatulali."

"Nipe hiyo Jumamosi ya ruracio," nikamwambia. "DeSoto watakuwepo watu wengi wenye nyumba. Nikipata oda tunahamia Dallas na mashine yangu. Nisipopata, jamaa achukue, na mimi nitabeba maboksi."

Akakubali. Alijua neno hilo kutoka mdomoni mwangu lilikuwa na uzito gani.

Jumamosi tukaondoka mapema, majiko mawili yamefungwa nyuma. Ilikuwa kiangazi kikali, majani kando ya barabara yamekuwa kama ya kuezekea nyumba. DeSoto tulipokelewa vizuri. Jiko likawekwa uwanja wa nyuma, karibu na uzio wa mbao, nikawasha mkaa, mbuzi wawili wakapandishwa vipandevipande. Wageni wa bwana harusi wakafika, na kwa desturi hawakufunguliwa upesi. Walisimama nje wakiimba, ila kwa kuwa nyumba ya DeSoto haina lango la boma, waliuimbia mlango wa gereji. Jirani wa ng'ambo alitoka akasimama na kikombe chake anatazama akina mama waliovaa vitenge wakiusihi mlango wa gereji ufunguke. Ulipopanda wenyewe kwa umeme, walipiga vigelegele, naye akarudi ndani haraka.

Sijui kama ni yeye aliyepiga simu. Moshi ulikuwa mwingi, nakubali. Wazee walikuwa ndani wameanza mazungumzo, na mbavu zilikuwa zimeanza kutoa mafuta, wakati gari la zimamoto liliposimama mbele ya nyumba, bila king'ora. Shangazi mmoja wa bwana harusi alichungulia dirishani akasema, "Hawa watu wametuletea gari jekundu ili tuogope tupandishe mahari?"

Mkubwa wa wazima moto alikuwa Mzungu mrefu mwenye masharubu meupe. Alivua kofia alipoona watu wamevaa vizuri.

"Moto ni wa nani?"

Watu wote walinitazama mimi. Hivi ndivyo watu wetu walivyo; hata mwenye nyumba alinitazama.

Akatueleza kwa adabu. Kwa sababu ya ukame, wilaya nzima ilikuwa imekataza moto wa wazi. Jiko lenye kifuniko lina ruhusa. Lisilo na kifuniko ni moto wa wazi, na lazima uzimwe sasa hivi.

Mwenye nyumba akapangusa jasho. "Fundi, zima tu. Tutaagiza kuku."

"Kuku?" Mzee wa upande wa bwana harusi alikuwa ametoka nje, fimbo mkononi. "Tumeendesha gari kutoka Houston kuja kula mbuzi wa mahari, unataka kutupa kuku wa boksi? Mbuzi asipokatwa kwa desturi, kila upande ukapewa kiungo chake, mimi nitawaambia nini watu wa nyumbani? Kwamba tulikubaliana juu ya bawa?" Akanigeukia. "Na wewe, fundi gani unatengeneza jiko lisilo na kifuniko Texas?"

"Lilivyoagizwa, mzee."

"Ukiagizwa gari bila breki utatengeneza?"

Watu wakacheka. Sikucheka. Nilikuwa naona Jumatatu. Wageni wote waliokuwa na nyumba walikuwa wamesimama pale na sahani tupu, wakitazama kazi ya mikono yangu ikitaka kumwagiwa maji na serikali. Hakuna hata mmoja ambaye angeniagiza jiko baada ya hapo.

Nikamwambia yule mkubwa, "Nikiliwekea kifuniko?"

"Kiko wapi?"

Nikamwonyesha jiko la pili, juu ya pikapu. Akaenda akalizunguka. Akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Hili ni bomba la kisima," akasema. "Umelitoa wapi?"

"Houston. Wanayatupa."

"Wanayatupa," akarudia. Akaniambia baba yake alikuwa mchimbaji wa visima magharibi ya Texas, na kwamba yeye mwenyewe alibadilisha shule kila mafuta yaliposhuka, mpaka akaacha kufanya marafiki. Akaitazama mashine yangu. "Fanyia hapa mbele ya gereji, kwenye saruji. Vijana wangu watasimama na mpira wa maji. Cheche ikiruka kwenye nyasi, ninakuzima wewe na mashine."

Tukaanza. Nyama ikarudishwa jikoni kwa sinia, nusu mbichi, akina mama wakituambia maneno ambayo sitayaandika. Mkaa ukamwagiwa maji. Jiko likabebwa mpaka mbele na wanaume sita, makoti ya suti yamevuliwa. Nikalikata miguu lile la pili, tukaligeuza, tukaliweka juu ya lile la kwanza.

Halikukaa. Bomba ukilipasua kwa urefu linafunguka, kwa sababu chuma hicho kilikunjwa kwa nguvu na kinakumbuka. Upande mmoja ulikuwa umekaa sawa na upande wa pili pana mwanya wa kuingiza kidole. Nikachukua mikanda ya kufungia mizigo, nikalizungushia, nikakaza mpaka midomo ikakutana, nikaweka vipande vya chuma ndani vya kuishikilia. Bawaba sikuwa nazo. Nikazitengeneza kwa bomba jembamba na boliti.

"Zisogeze nje," yule mkubwa akasema. Alikuwa amechuchumaa karibu nami kama tuko kazi moja. "Ukiziweka hapo, kifuniko kitagonga mwili wa jiko kabla hakijafunguka."

Nilitazama. Alisema kweli. Nikazisogeza.

"Na moto utapumua vipi?"

Nikatoboa matundu chini upande mmoja, na moja kubwa juu upande wa pili, nikalisimamishia kipande cha bomba kiwe dohani. Ile mashine ilinguruma mtaa mzima. Kufikia hapo hakuna mtu aliyebaki ndani. Mazungumzo ya mahari yalikuwa yamesimama, wazee wameletewa viti vyao kwenye saruji, na wazima moto wawili wamesimama na mpira kama walinzi wa rais. Bibi harusi mtarajiwa mwenyewe alitoka na mapambo yake kichwani akasema kwa Kiingereza kwamba hiyo ndiyo ruracio nzuri kuliko zote alizowahi kwenda. Baba yake akamwambia arudi ndani, bado hajaombwa.

Nikafungua mikanda. Kifuniko kikabaki mahali pake. Yule mkubwa akakiinua kwa mkono mmoja, akakiachia. Kililia mara moja, kizito, kikakaa kimya.

"Sasa ni jiko," akasema. "Washa."

Nilizima mashine. Nikaketi kwenye ukingo wa pikapu. Mke wangu akaniletea maji, akaniwekea mkono begani mbele za watu, jambo asilolifanya.

Nyama ikarudi. Wanaume wakasimama kuzunguka jiko kama kawaida, na kila baada ya muda mmoja anafungua kifuniko kuona hali.

"Mkiendelea kuchungulia mtakula kesho," yule mkubwa akawaambia.

"Sasa tutajuaje kama inaiva?" mtu akauliza.

"Mtanusa."

Walibishana naye mpaka gari lake lilipoitwa kwingine. Aliondoka na mbavu zilizofungwa kwenye karatasi ya aluminiamu, na kabla ya kupanda akaniandikia namba yake. Alitaka jiko kama hilo kwa kituo chao, ila refu zaidi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa oda ya kwanza. Ya pili aliiagiza yule mzee mwenye fimbo, kwa namna yake. Alikuja ameshika mfupa.

"Fundi, nimekusamehe. Niuzie lile la pili."

"La pili ndilo kifuniko, mzee."

Akatazama jiko, akatazama pikapu tupu. "Basi tengeneza la tatu. Na hilo usinisubiri niite serikali ndipo uweke kifuniko."

Wauguzi nao wakaja, mmoja wa Cedar Hill, mmoja wa Arlington, mwingine aliyetaka lango la ngazi pia. Makubaliano ya mahari yalifungwa jioni, mbuzi amekatwa kama inavyotakiwa, kila upande umepata kiungo chake. Mimi nilikuwa nje. Nilikuwa nimempigia simu yule jamaa wa bandarini kumwambia asije Jumatatu. Alikasirika sana, na nilimwacha akasirike mpaka akamaliza. Nilikuwa nasikiliza sauti yake kama mtu anayesikiliza mvua akiwa ndani.

Tulihamia Cedar Hill kabla mwaka haujaisha. Kila nilipokwenda Houston nilirudi na mabomba, na msimamizi wangu wa zamani alinisaidia kupakia, mpaka naye akapewa mkono. Bibi wa Kanada alifariki kabla sijampeleka kuona kazi yangu, na jambo hilo linanisikitisha, ingawa najua angepata kasoro.

Kuna Mkenya mmoja aliwahi kuniambia mezani kwamba mimi nakula mizoga ya Houston. Nikamwambia nimewahi kuwa mmoja wa hiyo mizoga, kwa hiyo najua ladha. Mwaka wa 2020 mafuta yalianguka tena, vibaya kuliko mara ya kwanza, na watu wa Houston wakaanza kunipigia simu wakiuliza kama Dallas kuna kazi. Niliwajibu wote. Wawili nimewaajiri mimi. Halafu mafuta yakapanda, bomba likawa ghali, nikageukia mageti na ngazi. Sasa najua kwamba haya mambo huja na kuondoka, na kwamba siku moja Dallas nayo itashuka. Nyumba hizi zote za matofali, hazitapanda bei milele. Sina hofu. Nikilala, nalala.

Leo nina miaka sitini na mitatu. Nina pikapu ileile na mashine ileile, injini zote mbili zimebadilishwa. Nina pikapu ya pili, mpya kiasi. Nina nyumba ya vyumba vinne Cedar Hill, yenye jina langu na la mke wangu. Nina kiwanja kando ya reli chenye karakana ya mabati, na ndani yake mashine ya kukunja bomba, grainda nne na winchi. Nina ploti Kitengela, nje kidogo ya Nairobi, yenye ukuta na kisima. Nina ng'ombe watatu kwa kaka yangu, ambaye husema ni wawili. Nina suti mbili, jozi tatu za viatu vya kazi, na meno yangu karibu yote.